Ulinganisho wa njia tatu za likizo ya gari: Usambara na Tanga, Nyanda za Juu Kusini, au Kilwa hadi Songea

MamaWawili (Tabata)

Ndugu wanajukwaa, amani iwe kwenu. Likizo ya shule ya mwezi wa sita inakaribia, na safari hii familia yetu imekusudia kuitumia barabarani, kwa gari letu wenyewe na kwa mwendo wa pole, badala ya kukimbilia mahali pamoja na kurudi. Tutakuwa watano: mimi na mume wangu, ambao sote tunaendesha, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mkwe, ambaye umri wake umepita miaka sabini na magoti yake hayapendi kukunjwa kwa saa nyingi. Gari ni dogo la familia, chini yake ni karibu na ardhi, ingawa limehudumiwa vizuri na tairi zake ni mpya. Muda wetu ni wiki mbili kasoro siku chache.

Hatuendi kutazama wanyama. Fedha ambayo ingelipa viingilio vya hifadhi tungependa kuiweka kwenye malazi mazuri na chakula. Tunachotafuta ni miji midogo, masoko, mashamba, historia ambayo mtoto akielezwa ataielewa, na jioni za kukaa barazani bila kuwaza kesho tunaamka saa ngapi.

Njia tulizozichora ni tatu. Ya kwanza inapita Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo hadi Lushoto, kisha inashuka kuelekea Muheza, Tanga na Pangani. Ya pili ni ile barabara kuu ya Zambia: Morogoro, Iringa, Mafinga, kuchepuka Njombe, halafu Mbeya, Tukuyu na, ikiwezekana, Matema kwenye Ziwa Nyasa, kisha kurudi kwa njia ile ile. Ya tatu inashuka na pwani hadi Kilwa, Lindi na Mikindani, inageukia Masasi na Tunduru hadi Songea, halafu inarudi kwa Njombe na Iringa. Baba watoto anaitaka ya tatu kwa sababu ni ya mzunguko. Mimi naelekea ya pili. Mama mkwe, aliyefundisha shule Korogwe enzi za ujana wake, hajasema neno, ila kila siku anaulizia kama barabara ya Soni, ile ya kupanda Lushoto, siku hizi ina lami nzuri. Naomba mnilinganishie.

DerevaMstaafu

Mama, umefanya vyema kutaja magoti ya mama mkwe, maana hayo ndiyo yatakayoamua kuliko ramani. Nimeendesha mabasi ya mikoani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nitakupa hesabu ya dereva.

Njia yako ya tatu inazidi kilomita 2,000 ukijumlisha vipande vyake vyote. Ya pili, mkifika Matema na kurudi, haipungui sana hapo. Ya kwanza, hata mkizunguka mjini na kupanda vijijini, ni kama nusu ya hizo. Watu huangalia kilomita wakasema lami ipo, tutakimbia. Hamtakimbia. Barabara zetu kuu hupita katikati ya vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50, kina matuta, na mara nyingi kina askari mwenye tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe. Kosa moja ni shilingi 30,000. Juu ya hayo, njia ya pili ndiyo njia ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na kuyapita malori matatu yaliyofuatana kwa gari dogo lililojaa watu na mizigo si jambo la kufanya kwa pupa. Dereva mwenye adabu, akijumlisha vituo vya maji na choo, hapati wastani wa zaidi ya kilomita 50 au 55 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, Tabata hadi Iringa, ambayo ni takriban kilomita 500, ni siku nzima mkiwa ndani ya gari, na mtu mzima wa miaka sabini atashuka hapo akiwa hana hamu ya kuona mji wowote.

Kanuni niliyowapa wanangu ni hii: safari ya starehe isizidi saa nne za usukani kwa siku, na kila baada ya siku moja ya kusafiri pawe na siku moja ya kutulia. Pimeni njia zote tatu kwa kanuni hiyo na mtaona ni ipi inayoingia katika muda wenu bila kusukumwa.

MnyaluWaGangilonga

Hesabu ya mzee wetu ni sahihi, lakini inaihukumu njia ya pili kana kwamba lazima ifikishwe Matema. Hakuna aliyewalazimisha. Ikateni Njombe, na mtabaki na safari ya kilomita 1,300 au 1,400 hivi kwenda na kurudi, yenye vitu ambavyo Usambara haina.

Usiku wa kwanza laleni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Hapo nina pendekezo ambalo huenda likawashangaza: mama mkwe na mtoto mmoja wapande treni ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro, ninyi mkatangulia na gari na kuwapokea stesheni. Kipande cha Kibaha, Mlandizi na Chalinze ndicho kinachochosha kuliko vyote kwa sababu ya foleni na malori, na hakuna haja ya mtu mwenye magoti mabovu kukipitia wakati reli ipo.

Kesho yake barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Kupita barabara kuu hulipii kiingilio, na asubuhi watoto wataona twiga, pundamilia, swala na pengine tembo kutoka dirishani. Fuateni vibao vya mwendo, kwani anayegonga mnyama hulipa faini kulingana na aina ya mnyama. Baada ya Mikumi mnaingia bonde la mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu, na mkifika Ruaha Mbuyuni mtauziwa vitunguu kwa bei itakayowafanya mjute kuwa na buti dogo. Kisha Kitonga. Kuhusu Kitonga sitaficha: ni mlima wenye kona kali, ukuta upande mmoja na korongo upande mwingine, na lori likikwama katikati mnaweza kusimama saa kadhaa. Upandeni asubuhi, mkiwa na maji ya kunywa na tangi lenye mafuta, na wakati wa kurudi mshuke kwa gia ndogo bila kuikanyaga breki mfululizo.

Iringa yenyewe inastahili siku tatu. Mji uko juu kilimani, hewa kavu na baridi ya kupendeza, soko la zamani lipo katikati, na jengo la Boma la Wajerumani sasa ni makumbusho. Kwa historia ya kumweleza mtoto sidhani kama kuna mahali pa kushindana nasi. Nendeni Kalenga, umbali mfupi kwa njia ya kuelekea Ruaha, mkaone makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambamo limewekwa fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 baada ya kukaa Ujerumani zaidi ya nusu karne. Waelezeni watoto kwamba watu wake waliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891 na kumuua kamanda wao Zelewski, na kwamba yeye mwenyewe alichagua kujipiga risasi mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Halafu nendeni Isimila, kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, mahali palipookotwa zana za mawe za watu wa kale, na ambapo mmomonyoko umeacha nguzo ndefu za udongo zinazosimama korongoni. Kushuka korongoni kuna kutembea kidogo, ila mama mkwe anaweza kubaki juu penye makumbusho akasubiri kivulini.

Kutoka hapo hadi Njombe ni misitu ya misonobari ya Sao Hill, mashamba ya chai ya Mufindi kwa anayetaka kuchepuka Mafinga, na viazi na parachichi kila upande. Mwezi wa sita na wa saba Njombe ni baridi ya kweli. Usiku joto hukaribia sifuri na asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa jalidi. Watoto wa Dar watafurahi sana. Bebeni masweta mazito na muulize mapema kama chumba kina maji ya moto, kwa sababu jibu la mapokezi na hali ya bafuni si lazima vifanane.

MwalimuWaSoni

Nimsalimu mama mkwe kwa heshima, kama mwalimu kwa mwalimu, na nimhakikishie kwamba barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina lami yote, kilomita 33 za kona. Ni nyembamba, ina magari madogo ya abiria yanayoendeshwa na vijana wanaoijua kona kwa kona, kwa hiyo pigeni honi kabla ya kila kona isiyoonekana, msipande usiku, na mvua kubwa ikinyesha ulizeni Mombo kwanza kama udongo haujaporomoka juu ya njia. Mwezi wa sita masika huwa yamekwisha. Kinachobaki ni ukungu wa asubuhi na baridi ya wastani.

Sasa niseme kwa nini njia hii inalingana na maelezo ya Mama kuliko nyingine. Hatafuti umbali, anatafuta jioni za barazani. Ukishafika Lushoto, kila kitu kiko karibu. Pale Soni kuna maporomoko ya maji kando ya barabara, mnayatazama bila kutembea mbali. Kutoka Soni mnaweza kuingia kwa Wabenediktini wa Sakharani, wanaotengeneza divai na kulima makadamia. Kutoka Lushoto hadi ukingo wa Irente ni safari fupi, na ukisimama pale unaiona nyika ya Mazinde na barabara kuu ya Moshi chini yako kama uzi. Hapo karibu kuna shamba linalouza jibini, jemu na mkate wake lenyewe, na wageni hukaa bustanini wakila mchana wote. Kwa wanaopenda msitu kuna Magamba, na kwa wenye siku ya ziada kuna Mtae, kijiji kilicho kwenye ncha ya milima. Barabara ya Mtae kwa sehemu kubwa ni ya vumbi na kwa gari lenu dogo ningesema mkodi gari la mwenyeji kwa siku hiyo moja.

Siku za soko Lushoto wanawake hushuka kutoka vijijini na karoti, kabichi, pilipili hoho na nyanya ambazo ndizo hizo mnazonunua Kariakoo kwa bei nyingine. Mji wenyewe Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na majengo yao bado yapo, lakini sitadai kwamba historia yetu ina uzito wa Mkwawa. Hapo Mnyalu ameshinda. Ameshindwa penye saa: kutoka Dar hadi kwetu ni takriban kilomita 350, mkalala Korogwe njiani ili mwalimu mwenzangu aione shule yake, na baada ya hapo hakuna siku itakayowadai zaidi ya saa tatu au nne za usukani hadi siku ya kurudi nyumbani.

Mpitanjia

Naona njia ya tatu inazikwa kabla haijasikilizwa, nami nasimama upande wa baba watoto.

Hakuna njia nyingine katika nchi hii inayofuata tukio moja la historia tangu mwanzo hadi mwisho kama hii inavyofuata Vita vya Majimaji. Mkivuka Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji mnaingia nchi ambamo vita ilianza. Pale Mohoro ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga aliyechochea vita hiyo, mwezi Agosti 1905. Upande wa magharibi wa barabara ni vilima vya Wamatumbi, walikoasi kwa kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Na baada ya Masasi na Tunduru mnafika Songea, mji wenye jina la nduna, yaani mkuu wa vita wa Wangoni, aliyenyongwa mwaka 1906, na makumbusho yanayosimulia jinsi mashujaa kadhaa walivyonyongwa siku moja, tarehe 27 Februari. Mtoto akiianza hadithi hiyo Rufiji na kuimalizia Songea, hatahitaji kuikariri darasani.

Katikati ya safari hiyo kuna Kilwa, na Kilwa peke yake ni hoja. Mnalala Kilwa Masoko, mnachukua kibali hapo hapo, mnavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani mkaone Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza. Ibn Battuta alifika kisiwani mwaka 1331 na kuusifu mji, na UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na magofu ya Songo Mnara. Kilwa Kivinje ni mji wa kutembea kwa miguu jioni, penye nyumba za zamani ambazo nyingine zinaanguka. Mikindani ni hivyo hivyo ila imetunzwa zaidi, na bahari yake imeingia ndani ikatulia kama bwawa.

Udhaifu wa njia hii naukubali. Kutoka Masasi hadi Songea ni zaidi ya kilomita 450 zenye mji mmoja tu wa maana wa kulala, nao ni Tunduru. Lami ni nzuri lakini njia ni ya upweke, kwa hiyo mafuta yajazwe Masasi na tena Tunduru. Pia barabara ya pwani ina historia ya kukatika: mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga na watu walikwama siku kadhaa. Ulizeni hali kabla ya kuondoka.

DerevaMstaafu

Mpitanjia ameieleza vizuri, na kama wangekuwa watu wazima wawili wenye mwezi mzima ningewaambia waende kesho. Lakini kwa muda wao, njia hiyo inawapa siku ya kutulia Kilwa, pengine moja Mikindani, na baada ya hapo ni kuendesha tu: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro, kila asubuhi kufunga mizigo na kila jioni kutafuta pa kulala. Watoto watakumbuka kiti cha nyuma. Kama baba watoto anataka Kilwa, aende Kilwa na kurudi, na Majimaji wayasome nusu ya kwanza.

BintiPangani

Mjadala unaipita Tanga kana kwamba ni kituo cha kujaza mafuta kati ya Lushoto na Dar, na hilo si haki. Mkitoka milimani na masweta yenu, Tanga ndiyo itakayowapasha joto.

Mji wa Tanga una mitaa mipana yenye miti, una majengo ya enzi ya Wajerumani ambayo mengine yamegeuzwa makumbusho madogo ya Urithi, na watu wake hawana haraka. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianzia hapa mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, kwa hiyo mtakuwa mmeifuata tangu mlipoteremka Usambara. Kaskazini ya mji, umbali mfupi, kuna mapango ya Amboni, ambayo mwenyeji huwaongoza wageni kwa tochi. Ndani kuna mahali pa kuinama na kutambaa, basi bibi abaki nje na watoto waingie. Kusini, njiani kuelekea Pangani, simameni Tongoni mkaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Wageni ni wachache na mara nyingi mtakuwa peke yenu na msimamizi.

Pangani ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto, na mtu akitafuta mambo mengi ya kufanya atachoka upesi. Asubuhi unatembea barabara ya zamani yenye Boma na nyumba za wafanyabiashara, mchana unakula samaki kwa ugali wa bada, jioni unapanda mashua ya kupanda mto kati ya minazi na mikoko. Historia pia ipo: hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa mwezi Desemba 1889. Kwa hiyo Mnyalu asidhani mashujaa wote walizaliwa Uhehe.

Tahadhari yangu ni moja. Ramani ya simu itawashauri mrudi Dar kwa kufuata pwani, kupitia Saadani na Bagamoyo, kwa sababu inaonekana fupi. Ujenzi wa barabara hiyo umekuwa ukiendelea kwa vipande, na kuna sehemu ambazo gari lililo chini halifai, hasa udongo ukilowa. Ulizeni hapa Pangani siku ile ile, na mkiambiwa bado, rudini Tanga na Segera bila kinyongo.

MkaaziWaLikoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nachangia kwa sababu sisi wa upande huu huifanya njia ya kwanza kwa kuanzia mwisho wake: tunavuka mpaka Lunga Lunga na Horohoro, tunalala Tanga, kisha tunapanda Lushoto wakati Mombasa ina joto. Kwa Wakenya wanaosoma hapa, mbebe kitabu cha gari au nakala halali ya umiliki, mpate kibali cha muda cha gari pale mpakani, na mkate bima ya kadi ya njano ya COMESA kabla ya kuondoka nyumbani. Gari likiwa si la jina lako, uwe na barua ya mwenye gari.

Kwa ulinganisho wenyewe, niliwahi kufika Iringa pia, na kwa maoni yangu Iringa ni mji mzuri zaidi kuliko Lushoto. Lakini kuufikia kunakula siku mbili na kuuacha kunakula nyingine mbili, na hizo nne ndizo anazozihitaji mtu anayesafiri na mzazi. Nyongeza moja kwa Mama: usipange Lushoto baada ya Tanga. Mkianza na joto na bahari, watoto hulalamikia baridi. Mkianza na baridi, bahari inakuwa zawadi.

MnyaluWaGangilonga

Naomba niseme jambo ambalo watu wa Dar hawapendi kuliambiwa. Lushoto iko karibu. Mnaweza kwenda sikukuu ya Idd ikiangukia Ijumaa, mnaweza kwenda Nane Nane. Likizo ndefu hamuipati mara nyingi mkiwa wote pamoja, na mkiitumia kwa mahali pa karibu, Iringa na Njombe mtazisikia kwenye redio hadi watoto waende chuo.

MwalimuWaSoni

Kila mtu wa Dar huniambia Lushoto iko karibu, atakuja wikendi yoyote. Nimekaa hapa miaka mingi na ningali nawasubiri.

MamaWawili (Tabata)

Nawashukuru wote kwa muda wenu. Jana usiku tulikaa na baba watoto tukazipima njia kwa kanuni ya mzee wetu ya saa nne, na ya tatu ikajiondoa yenyewe, ingawa suala la Kilwa limebaki mezani kwa siku nyingine. Tulibishana zaidi kati ya Usambara na Iringa. Hoja ya Mnyalu kwamba ya karibu huahirishwa ilitugusa, na hoja ya Mwalimu kwamba ya karibu haiendewi kabisa ilitugusa zaidi. Mwishowe tulimuuliza mama mwenyewe. Alijibu kwamba yeye ni mgeni tu ndani ya gari letu, twende tunakotaka, halafu akaanza kutaja majina ya walimu aliofundisha nao.

Kwa hiyo tunakwenda Korogwe usiku mmoja, Lushoto siku nne au tano, Tanga mbili, Pangani tatu. Iringa na Njombe tunazihamishia likizo ya Desemba, na hapo ningependa kuunganisha na maua ya Kitulo, ile hifadhi ya uwanda wa juu karibu na Mbeya, ambayo nimesoma huchanua wakati wa mvua. Maswali yangu mawili ni haya: je, kwa Lushoto mwezi wa sita ni lazima kuweka nafasi mapema, na je, Kitulo mwezi wa kumi na mbili inawezekana kwa gari letu?

MwalimuWaSoni

Wekeni nafasi. Nyumba za wageni za kawaida mjini hazijai, lakini zile zenye bustani na mandhari, ambazo ndizo Mama anazozitafuta, hupokea wageni wa kutoka nje kuanzia mwezi wa sita. Ombeni chumba cha chini kisicho na ngazi, na mkihitaji moto wa kuni sebuleni mseme mapema. Mafuta yapo Lushoto, ila jazeni Mombo ili msiwe na haja ya kuyawaza.

DerevaMstaafu

Kabla ya kuondoka, fundi aangalie breki kwa kufungua tairi na kutazama pedi, si kwa kusikiliza tu; aangalie maji ya rejeta na mkanda wa injini, maana kilomita 33 za kupanda Soni ndizo zinazofichua rejeta mbovu. Ndani ya gari kuwe na pembetatu mbili za tahadhari, kizimamoto kisichopitwa na muda, tairi la akiba lenye upepo, jeki, na stika ya bima iliyo hai. Leseni zote mbili zibebwe, za mke na mume, mbadilishane usukani kila baada ya saa mbili. Na kwa kuwa baba watoto ndiye aliyetaka kilomita 2,000, apewe yeye kipande cha Chalinze.

MnyaluWaGangilonga

Nimeupokea uamuzi, na Desemba nitawashikilia ahadi. Kuhusu Kitulo: ni kweli maua huanza na mvua na huendelea hadi kama mwezi wa nne, kwa hiyo Desemba mtaona mwanzo wake, na mkisogeza safari mwishoni mwa likizo mtaona zaidi. Lakini mvua ile ile inayoleta maua ndiyo inayoharibu njia. Kutokea Chimala barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona zisizohesabika, na ukifika juu kwenye uwanda ni tope jeusi. Kutokea Mbeya kwa Isyonje kunapanda kwa upole zaidi, ila tope ni lile lile. Gari lenu liacheni Mbeya kwenye nyumba ya wageni yenye mlinzi, mkodi gari la juu lenye dereva wa Makete au wa Mbeya kwa siku moja, mwondoke alfajiri na mrudi kabla ya mvua ya alasiri. Hapo itabidi mfike Mbeya na si kukomea Njombe, kwa hiyo ongezeni siku mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na mama mkwe abaki Iringa kama hapendi baridi. Bibi zetu wa Gangilonga watampokea.